Kufundisha Ulinganishaji wa Nakala: Mfano wa Diski za Marejeo za Kompyuta za Zamani

Miongoni mwa stadi ambazo mwalimu wa shule ya msingi huzidhania kuwa rahisi, na kwa sababu hiyo huzifundisha vibaya, imo stadi ya kulinganisha. Mwalimu huandika ubaoni, "Taja tofauti za picha hizi mbili". Watoto hutaja mbili tatu, husifiwa, na somo huisha. Hakuna aliyeulizwa amejuaje kwamba hakuna tofauti nyingine zilizobaki. Hakuna aliyeulizwa pia tofauti zile zimetokana na nini. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi stadi hii inavyoweza kufundishwa kwa utaratibu katika darasa la sita au la saba. Mfano wetu tutauchukua mahali ambapo wasomaji wengi hawakupatazamia, yaani katika mafaili ya uchunguzi yaliyomo ndani ya diski za marejeo za kompyuta za zamani.

Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, ndani ya mafaili hayo tofauti ya namba moja tu yaweza kuifanya mashine nzima ionekane mbovu, hivyo mtoto huona mara moja kwa nini ulinganishaji wa juujuu haufai. Pili, faili la uchunguzi ni mtihani. Kazi yake ni kuijaribu mashine na kutoa hukumu kwamba ni nzima au ni mbovu. Sisi walimu tunafanya kazi hiyo hiyo kwa watoto kila siku, na chombo chetu kikiwa na kasoro, anayeumia ni mtoto.

Mashine na diski yake

Tarehe 2 Aprili, 1987, kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza jamii mpya ya kompyuta iliyoitwa Personal System/2. Hapa Tanzania kompyuta ya kwanza ya Serikali ilikuwa imekwisha kufungwa katika Wizara ya Fedha tangu mwaka 1965, lakini mwaka 1974 lilitolewa zuio la kuingiza kompyuta nchini, na zuio hilo liliondolewa katika miaka ya 1990 tu. Kwa hiyo mashine hizi zilipokuwa mpya, ni Watanzania wachache waliopata kuziona, sembuse wakazi wa Mpanda, ambako kwa miaka mingi umeme ulitoka katika majenereta ya dizeli. Leo zimekuwa mashine za kale. Wapo wanaozikusanya na kuzitengeneza, nao ndio waliotufundisha mengi ya yafuatayo.

Ndani ya aina kubwa za jamii hiyo, kama vile namba 50, 60 na 80, kadi za nyongeza zilichomekwa katika njia iliyoitwa Micro Channel. Katika kompyuta zilizotangulia fundi alipanga kadi kwa kusukuma viswichi vidogo. Hapa viswichi viliondolewa. Mpangilio wote wa kadi uliandikwa kwa programu na kuhifadhiwa katika kumbukumbu ndogo iliyotegemea betri. Betri ilipokufa mpangilio ulisahauliwa, na kompyuta ilipowashwa ilionyesha namba 161 kwenye kioo, nayo maana yake ni hitilafu ya betri. Aghalabu ilifuatwa na 163, maana yake saa na tarehe havijawekwa. Fundi aliyebadilisha betri hakuweza kuishia hapo. Programu ya kupanga upya haikuwamo ndani ya mashine. Ilikuwa katika diski ndogo ya inchi tatu na nusu, nayo ndiyo Diski ya Marejeo.

Diski hiyo ilikuwa na vitu vya namna tatu. Ilikuwamo programu yenyewe ya kupangia. Yalikuwamo mafaili ya maelezo, moja kwa kila kadi, ambayo jina lake huanza kwa alama ya @, hufuatwa na tarakimu nne za utambulisho wa kadi, kisha huishia na herufi ADF. Yalikuwamo pia mafaili ya uchunguzi, ambayo majina yake huishia na herufi DGS. Faili la maelezo ni maandishi ya kawaida, na mtu yeyote ajuaye Kiingereza kidogo aweza kulifungua na kulisoma. Faili la uchunguzi halisomeki, kwani ni amri za mashine, na kwa macho ya binadamu ni safu ndefu ya namba tu. Tofauti hiyo ni muhimu kwetu. Mtu anapolinganisha maandishi, maana humsaidia. Anapolinganisha namba tupu hana cha kumsaidia ila utaratibu.

Twaomba msomaji avumilie jambo moja la hesabu. Tarakimu nne za utambulisho huandikwa kwa kizio cha kumi na sita, ambapo herufi A hadi F husimama badala ya kumi hadi kumi na tano. Faili liitwalo @8EFF.ADF ni la kadi yenye utambulisho 8EFF, na kwa kizio cha kumi namba hiyo ni 36,607. Mwalimu akiwa na darasa hodari aweza kuwaachia watoto wahakikishe: mara 8 ya 4,096, mara 14 ya 256, mara 15 ya 16, kisha 15. Darasa likiwa zito, aliache jambo hili kabisa, kwani somo letu halilitegemei.

Diski hazikuwa za namna moja kwa mashine zote. Namba 50 na 60 zilitumia diski moja, na namba 70 na 80 zilitumia nyingine. Zaidi ya hayo, kila diski ilitolewa kwa matoleo kadhaa, kila toleo likirekebisha lile lililotangulia. Mashine za baadaye, kama namba 90 na 95, zilihifadhi programu hizo katika sehemu iliyofichwa ya diski ngumu, ijapokuwa nakala ya diski ndogo iliendelea kuhitajika diski ngumu ilipoharibika.

Basi fikiria fundi wa leo aliyeletewa nakala mbili za diski ya marejeo, zote zikiwa na kibandiko chenye maneno yale yale. Anafungua orodha ya mafaili. Anakuta faili moja la uchunguzi lina jina lile lile katika diski zote mbili, na ukubwa ule ule. Je, ni faili moja? Hawezi kujua mpaka alinganishe. Akitumia nakala mbovu, mtihani waweza kukwama katikati, au waweza kusema kadi nzima ni mbovu, na kadi hiyo ikatupwa.

Tofauti na asili zake

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na hapa ndipo mwalimu mwanafunzi anapopaswa kukaa kwa muda mrefu zaidi. Nakala mbili zikitofautiana, tusikimbilie kuuliza ipi ni sahihi. Tuulize kwanza tofauti imetoka wapi.

Iko tofauti ya toleo. Waliotengeneza faili walilirekebisha na kulitoa upya. Tofauti za namna hii huwa nyingi na hutawanyika sehemu mbalimbali za faili, na tarehe ya faili pia hubadilika. Nakala zote mbili ni sahihi, kila moja kwa wakati wake, na ya zamani yaweza kuwa ndiyo ifaayo zaidi kwa mashine ya zamani.

Iko tofauti ya matumizi. Mwenye mashine aliponunua kadi mpya, kadi hiyo ilikuja na diski yake ndogo, naye aliagizwa kunakili mafaili ya maelezo na ya uchunguzi kutoka humo na kuyatia katika nakala yake ya Diski ya Marejeo. Hivyo diski mbili zilizotoka kiwandani zikiwa sawa kabisa, baada ya miaka mitatu katika ofisi mbili, haziko sawa tena. Hii si hitilafu hata kidogo. Ni historia ya mashine, na anayeifuta ili diski zifanane anapoteza habari.

Kisha iko tofauti ya uharibifu. Diski ndogo za sumaku huchakaa kwa unyevu, vumbi na umri. Diski ya aina iliyozoeleka sana, ile iitwayo ya megabaiti 1.44, ina nyimbo 80 kila upande, pande 2, na kila wimbo umegawanywa katika sekta 18 zenye baiti 512 kila moja. Jumla ni sekta 2,880, yaani baiti 1,474,560. Kila sekta ina namba yake ya ukaguzi, kwa hiyo sehemu ikichakaa kompyuta kwa kawaida haisomi namba moja vibaya. Hukataa kuisoma sekta nzima. Programu nyingine za kunakili huiruka sekta hiyo na kujaza sifuri mahali pake. Matokeo yake, uharibifu wa namna hii una alama yake. Huanza mahali panapogawanyika kwa 512 bila baki, na huchukua nafasi 512 au mara kadhaa za hizo. Tukikuta tofauti zinaanza kwenye nafasi ya 3,072, tunagawanya: 3,072 kwa 512 ni 6, hakuna baki. Tukikuta pia kwamba zote upande mmoja ni sifuri, hatuna haja ya kubishana zaidi. Tunajua nakala ipi imeharibika.

Mara chache zaidi hutokea kosa la namba moja peke yake, hasa kumbukumbu ya mashine iliyofanya kazi ya kunakili inapokuwa na hitilafu. Kosa hili nalo lina alama yake, kwa sababu kompyuta huandika kila namba kwa tarakimu za kizio cha mbili, na tarakimu moja ikigeuka, tofauti kati ya namba mbili huwa 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64 au 128. Katika orodha ya kawaida ya herufi, K ni 75 na C ni 67, tofauti 8. Neno "KATAVI" likigeuka "CATAVI" ndani ya faili, haikupasa kumlaumu mchapaji aliyekosea herufi, maana tarakimu moja tu ndiyo iliyogeuka.

Mwalimu atambue mpangilio wa fikra hapa. Hatukuanza kwa kusema "hii ni mbaya". Tumelisoma umbo la tofauti, likatuonyesha asili yake.

Somo lenyewe

Tuchukue kwamba mwalimu mwanafunzi amepangiwa mazoezi ya kufundisha katika kata ya Makanyagio mjini Mpanda, darasa la sita, watoto sitini, na hakuna kompyuta. Hahitaji kompyuta. Ahitaji karatasi za manila, kalamu ya wino mzito, mkasi, na jioni moja ya maandalizi.

Aanze na neno ambalo kila mtoto darasani amekwisha kuliona mara elfu. Aandike ubaoni MAKANYAGIO na, mbali kidogo, MAKANYAIGO. Awaulize haraka kama maneno hayo ni sawa. Wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa jicho la msomaji mzoefu husoma neno zima na kurekebisha lenyewe kasoro bila kumwarifu mwenyewe. Kisha mtoto mmoja asome neno la kwanza herufi moja moja kwa sauti, na mwenzake afuate neno la pili kwa kidole, akisema "sawa" au "si sawa". Kwenye herufi ya nane darasa zima litapiga kelele. Tunashauri kelele hiyo iachwe ipite, kwani imefanya kazi ambayo maelezo ya dakika kumi yasingeifanya.

Baada ya hapo mwalimu agawe karatasi za namba. Kila kundi la watoto sita lipewe "diski" mbili, A na B, kila moja ikiwa na safu sita za namba nane nane. Safu moja tuiite sekta. Watoto wafanye kazi wawili wawili kama walivyofanya ubaoni, mmoja akisoma na mwingine akikagua, na wa tatu aandike kila tofauti kwa nguzo tatu: nafasi, namba ya nakala A, namba ya nakala B. Nguzo hizo tatu si za kubuni kwa ajili ya watoto. Katika mfumo wa MS-DOS iko amri iitwayo FC ambayo, ikiongezewa /B, hulinganisha mafaili mawili baiti kwa baiti na kuandika majibu yake vivyo hivyo. Kompyuta huhesabu nafasi kuanzia sifuri. Watoto waanze na moja. Wapo watakaoona tumewadanganya watoto, lakini kwa maoni yetu kuhesabu kutoka sifuri ni somo la siku nyingine, na mambo mawili magumu hayapaswi kuingizwa katika kipindi kimoja cha dakika arobaini.

Mwalimu awe amezipanda tofauti hizo mwenyewe kwa makusudi. Kundi moja lipewe nakala yenye safu nzima ya sifuri. Jingine lipewe nakala yenye namba moja iliyogeuka kwa 8 au 16. Jingine lipewe nakala iliyoongezewa safu ya saba mwishoni, kama mwenye mashine aliyetia kadi mpya. Makundi mawili yapewe nakala zilizo sawa kabisa. Jambo hili la mwisho walimu wengi hulisahau. Mtoto ambaye kila zoezi lina tofauti hujifunza kutafuta mpaka azipate, hata pasipo nazo. Kundi lenye nakala zilizo sawa lazima liwe na ujasiri wa kusema, "Tumekagua zote arobaini na nane, na zote ni sawa," na mwalimu alipokee jibu hilo kwa heshima ile ile.

Sasa ifuate sehemu ambayo sisi tunaipa uzito kuliko zote. Mwalimu abandike ubaoni safu mbili hizi:

A: 12, 7, 30, 5, 18, 9, 21, 4
C: 12, 7, 30, 30, 5, 18, 9, 21, 4

Awaagize watoto walinganishe nafasi kwa nafasi. Watakuta nafasi tatu za kwanza ni sawa, kisha tano mfululizo si sawa, na upande wa C imebaki 4 isiyo na mwenzake. Watasema nakala C imeharibika vibaya. Hapo mwalimu achukue vipande viwili virefu vya manila vilivyoandikwa namba hizo hizo, avishike pamoja, kisha akisogeze kipande cha C nafasi moja kushoto kuanzia 30 ya pili. Namba zote zilizosalia zitakaa juu ya wenzake. Kosa lilikuwa moja tu: 30 imeandikwa mara mbili. Makosa mengine yote yalizaliwa na namna yetu ya kulinganisha. Amri ya FC yenye /B nayo huanguka katika shimo hili hili. Baiti moja ikiongezeka mwanzoni mwa faili, karibu kila kitu kinachofuata kitaonekana tofauti.

Mwalimu mwanafunzi asiione habari hii kuwa ni mchezo wa karatasi. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani lilianza kutumia, katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, fomu za kujibia zinazosahihishwa kwa mashine, ambazo mtahiniwa alipaswa kusiliba kwa penseli kiduara cha herufi ya jibu. Mtoto akiruka swali la saba kwa sababu ni gumu, akakusudia kulirudia, kisha akasiliba jibu la swali la nane katika mstari wa saba, amekuwa nakala C. Kila jibu lake kuanzia hapo limesogea nafasi moja. Mashine haisogezi vipande vya manila. Itamhesabia makosa katika maswali ambayo alikuwa akiyajua. Mwalimu anayesahihisha jaribio la darasani kwa kufuata karatasi ya majibu bila kutazama anafanya ukatili ule ule, na yeye hana udhuru wa kuwa mashine. Tunapoona daftari la mtoto lina majibu sahihi hadi swali la sita, kisha makosa matupu, jambo la kwanza ni kusogeza mstari mmoja na kulinganisha tena. Na watoto wakishafundishwa kwa vipande vya manila, wanaweza kujikagua wenyewe kabla ya kukabidhi karatasi, wakitazama kama namba ya swali na namba ya mstari bado zinakwenda pamoja.

Njia ya jumla na udhaifu wake

Watoto watalalamika kwamba kusoma namba arobaini na nane kunachosha. Wana haki. Mwalimu awaonyeshe basi njia ya mkato, ambayo ni kujumlisha. Safu A hapo juu jumla yake ni 106. Kundi moja likikokotoa jumla ya nakala yake na jingine ya nakala yake, wanaweza kulinganisha namba moja badala ya nane, hata kama wamekaa pande mbili za chumba. Mafundi nao hufanya hivyo kwa mafaili makubwa. Kila faili hupewa namba yake ya ukaguzi, na namba hizo ndizo zinazolinganishwa kwanza.

Lakini mwalimu asiwaachie hapo. Aandike nakala ya nne:

D: 12, 7, 30, 5, 9, 18, 21, 4

Jumla ni 106 tena, ingawa 18 na 9 zimebadilishana nafasi. Jumla haioni mpangilio. Awaulize watoto wao wenyewe wangefanyaje ili nafasi ihesabiwe. Tusiwapokonye furaha ya kuvumbua kwa kuwajibia mapema mno. Hata hivyo wasipofika, awaelekeze kuzidisha kila namba kwa nafasi yake, ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, na kuendelea. Safu A itatoa 459, na safu D itatoa 468. Tofauti imejitokeza, nayo ni 9. Mtoto mwerevu atauliza kwa nini ni 9 hasa, na jibu ni zoezi zuri la nyumbani: 18 imerudi nyuma nafasi moja kutoka ya tano kwenda ya sita, na 9 imekuja mbele nafasi moja.

Jumla zikitofautiana tunajua nakala hazifanani, lakini hatujui ni wapi. Zikifanana tuna sababu nzuri ya kuamini, lakini hatuna hakika kamili. Kila njia ina swali inaloweza kulijibu na lile isiloweza, na mtoto wa darasa la sita anaweza kabisa kulielewa hilo akilifikia kwa mikono yake.

Makosa yanayofanana

Limebaki jambo moja, nalo lina uzito kwa nidhamu ya darasa. Mkusanyaji wa mashine za zamani akipata nakala kumi za diski moja, na zote zikawa na sekta ile ile iliyojaa sifuri, hawezi kusema kwamba mashahidi kumi wamekubaliana. Haielekei diski kumi zichakae mahali pamoja. Kosa linalofanana laonyesha kwamba zote zimenakiliwa kutoka nakala moja iliyokuwa mbovu tayari. Mashahidi ni mmoja.

Mwalimu hukutana na jambo hili anaposahihisha madaftari. Watoto wawili waliokaa dawati moja wana kosa moja lisilo la kawaida, na mwalimu hufikia haraka neno "wameibiana". Huenda ni kweli. Lakini kosa linalofanana husema tu kwamba asili ni moja. Halisemi asili hiyo ni nani. Yawezekana mmoja alimnakili mwenzake. Yawezekana wote wawili walifundishwa na dada yule yule nyumbani. Yawezekana wote walinakili kutoka ubaoni, na ubao ndio uliokosea. Njia ya kujua ni kulinganisha na nakala ya tatu, ya mtoto aliyekaa mbali. Ikiwa naye ana kosa hilo hilo, asili haiko katika dawati lile, na mwalimu arudi akakague maandalio yake ya somo. Tunawasihi wenzetu wafanye ulinganisho huu kabla ya kumwita mtoto yeyote mbele ya wenzake. Mtoto akishaitwa mwizi, kusahihisha hesabu hakumwondolei jina hilo.

Kadhalika yapasa kutofautisha makosa yanayofanana na majibu sahihi yanayofanana. Watoto wawili wenye majibu sahihi yale yale hawatuambii chochote. Jibu sahihi ni moja, na wote waweza kulifikia kila mmoja kwa njia yake. Ushahidi wa kunakili uko katika makosa tu, na kadiri kosa lilivyo la ajabu ndivyo lilivyo ushahidi zaidi.

Kazi ya mwalimu mwanafunzi

Kabla ya kwenda mazoezini, kila mwalimu mwanafunzi atengeneze jozi nne za karatasi za namba kama tulivyoeleza, na aziandikie upande wa nyuma, kwa penseli, aina ya tofauti aliyoipanda. Abadilishane na mwenzake ambaye hajaona upande wa nyuma. Mwenzake asipoweza kuitambua asili kwa kutazama umbo la tofauti, zana hiyo itengenezwe upya. Hakikisha jozi mojawapo ni ya nakala zilizo sawa.

Akiwa mazoezini, achague jaribio moja la maswali yasiyopungua ishirini lililosahihishwa tayari, na achukue madaftari ya watoto watano waliopata alama za chini kabisa. Kwa kila daftari aandike nguzo tatu: namba ya swali, jibu la karatasi ya majibu, jibu la mtoto. Kisha asogeze nguzo ya tatu mstari mmoja juu, halafu mstari mmoja chini, na kila mara ahesabu upya. Aandike pia majibu yasiyo sahihi ambayo yanaonekana katika madaftari zaidi ya mawili, na atafute asili yake ubaoni, katika kitabu cha kiada, au katika maandalio ya somo. Matokeo ayalete chuoni bila majina ya watoto. Madaftari ayarudishe kama alivyoyapokea, bila kuongeza alama yoyote ya wino mwekundu.